Baba alisema "afadhali"

Nesi alifunga kile kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa baba kwa mara ya tatu. Mashine ikavimba, ikakoroma, ikashusha pumzi. 196 kwa 114.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha magurudumu, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, amevaa lile gauni la kijani linalofungwa kwa nyuma. Kamba moja ilikuwa imekatika. Nilisimama nyuma yake nimeshika pindo mbili za gauni zikutane, kwa sababu kila aliyepita pale alikuwa na umri wa wajukuu zake, na yeye alikuwa akininong'oneza, "Mama, nifunike."

Daktari akaja, akatazama namba, akasema leo haiwezekani. Presha ikivuka 180 kwa 110, operesheni ambayo si ya dharura inasubiri. Tutapanga siku nyingine.

Baba akashusha mabega.

"Afadhali," akasema.

Alilisema taratibu, kama mtu aliyefika barazani kwake na mvua ndiyo kwanza inaanza kudondoka. Mimi nilikuwa na hasira: likizo niliyoomba kazini ilikuwa imepotea, nauli ya kumtoa Muheza imepotea, na ule mpira wa mkojo utaendelea kukaa. Neno lake sikulipa uzito siku ile.

Wiki saba baadaye bado lilikuwa linanirudia nikiwa kwenye daladala.

Presha

Miezi minne baba alikuwa anatembea na mpira wa mkojo na mfuko wake, ameufunga pajani chini ya msuli. Tezi dume ilikuwa imeziba njia kabisa. Vipimo vilionyesha si saratani, na daktari alisema wataikwangua kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Hakuna mtu aliyekuwa anaingoja siku ile kuliko yeye. Alikuwa ameacha kwenda msikitini kwa sababu ya ule mfuko. Alikuwa ameacha kukaa barazani.

Sasa mtu wa namna hiyo, akiambiwa imeahirishwa, anasemaje afadhali?

Jibu la kwanza nililolishika lilikuwa kidonge. Baba anakunywa amlodipini, dawa ya presha, kila asubuhi. Siku ile aliambiwa asile wala asinywe chochote, na yeye ni mtu wa kufuata maelekezo, basi hakumeza hata kidonge. Nikafurahi kupata wa kulaumiwa. Nikamfuata daktari koridoni. Akaniambia ni kweli angetakiwa kumeza kwa funda la maji, na kwamba aliyemwelekeza alipaswa kumfafanulia. Halafu akaongeza jambo ambalo sikutaka kulisikia: amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku moja. Kukosa kidonge kimoja peke yake hakutoshi kuipeleka presha pale ilipofika.

"Mzee analala?" akaniuliza.

Nilikuwa sijui. Nikamuuliza baba mwenyewe, akanijibu, "Nalala tu." Mgonjwa wa kitanda cha jirani akatikisa kichwa. Akasema huyu mzee ana siku tatu anahesabu mabati ya dari.

Kuna jambo nimelifikiria sana tangu hapo. Mwanaume wa umri wa baba, miaka 76, aliyelelewa Tanga enzi zile, hana neno la kutumia akitaka kusema kwamba anaogopa. Woga alifundishwa kwamba ni wa watoto. Hofu alifundishwa kwamba ni ya Mungu. Wasiwasi ni wa kinamama. Neno pekee aliloachiwa, ambalo mzee anaweza kulitamka mbele za watu na heshima yake ikabaki mahali pake, ni presha. Presha imepanda. Hapo kila mtu anaelewa, kila mtu anampisha.

Mwili wake ulisema kwa lugha iliyokuwepo.

Acha uchuro

Jioni ya kuamkia siku ile ya kwanza, muda wa kuona wagonjwa, baba aliniomba kalamu na karatasi.

Nilimuuliza za nini. Akasema kuna vitu anataka niandike, kuna watu wanamdai, na yeye kuna mtu anamdai. Alikuwa amejiweka sawa kabisa, ameegemea mto, miwani imevaliwa.

Nikamwambia, "Baba, acha uchuro."

Niliandika sentensi hiyo hapa nikaifuta mara mbili. Nimeirudisha kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Nilikuwa nimeleta uji kwenye chupa, nikaanza kuumimina huku naongea haraka haraka: upasuaji wenyewe mdogo tu, baba, watu wanafanyiwa kila siku, Mungu yupo, utatoka mzima, usiwe na wasiwasi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akavua miwani akaikunja. Akaniuliza habari za watoto shuleni.

Nadhani wengi wetu tunayajua maneno hayo kwa moyo. Tunayasema kwa upendo, na mimi niliyasema kwa upendo. Lakini yaangalie vizuri yanavyofanya kazi. "Upasuaji mdogo" maana yake usiniulize. "Usiwe na wasiwasi" maana yake ukiwa nao usiniambie. Hata "Mungu yupo", ambalo ni la kweli na baba analiamini kuliko mimi, nililitumia jioni ile kama kifuniko cha sufuria. Mtu mwenye imani akitaka kuandika madeni yake kabla ya kulala kwenye meza ya upasuaji, huyo ndiye anayeifuata imani yake. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa karatasi.

Na haikuwa hiyo tu. Wiki mbili kabla, kliniki, daktari alikuwa ameniambia mimi, koridoni, kwamba mzee hatalazwa usingizi mzito. Atachomwa sindano ya mgongo, atakuwa macho, sehemu ya chini tu ndiyo itakufa ganzi. Nilimshukuru, na sikumwambia baba. Mtaani kwetu sindano ya mgongo ina sifa mbaya: inapoozesha, inaacha maumivu ya kiuno maisha yote, kila mwenye mgongo unaomuuma anamjua aliyeharibiwa nayo. Nikaona nikimwambia atagoma. Nikaamua kwa niaba yake.

Tunafanya hivyo kwa wazee. Tunawasemea, tunawasikilizia, tunawachujia habari. Fomu ya ridhaa alisaini yeye, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani, lakini mwenye maelezo yote nilikuwa mimi.

Mume mwenza

Baada ya kuahirishwa nilimchukua nikakaa naye kwangu Tabata. Mama akaja. Baba akawa analala chumba kimoja na mwanangu wa kidato cha tatu.

Kuna maswali mtoto hawezi kumuuliza baba yake. Binti ndiyo kabisa, tena kwa ugonjwa wa sehemu zile. Lakini mjukuu ana kibali kingine. Kati ya babu na mjukuu kuna utani, na utani unapita milango ambayo heshima imeifunga.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo wa mchele mapajani, nachambua. Wao wako sebuleni. Nikamsikia mwanangu anasema:

"Babu, sasa ukifia mezani, Bibi namuoa lini? Nisubiri arobaini au niwahi?"

Mkono wangu ulisimama juu ya ungo. Nilikuwa nataka kuinuka nikamchape. Baba akacheka. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, akamwambia mjukuu wake kwamba huyo bibi mahari yake hata akiuza simu na viatu haitimii. Wakacheka wote wawili. Mama naye, chumbani, nikamsikia anaguna.

Halafu kukawa kimya kidogo.

"Nikwambie kitu, mume mwenza," baba akasema. "Kufa si neno. Neno ni kuzimwa."

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge, miaka 26, kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge na kutoa singa. Alianza kumweleza mjukuu wake kama anavyofundisha kijana wa karakana. Mashine kubwa haizimwi na mtu asiyejua kuiwasha. Na akishaizima haendi kunywa chai. Anakaa pale pale, mkono karibu na swichi, kwa sababu ndani kuna mwenzake ameingiza mikono.

"Sasa mimi nimekubali kuzimwa. Nimesaini. Lakini hakuna aliyeniambia nani ananizima, wala kama atakuwepo mpaka niwake. Babu yako mdogo walimzima mwaka 1987. Ngiri tu. Tukaambiwa hajaamka. Tulikaa pale nje mpaka magharibi tunatafuta mtu wa kumuuliza, hatukumpata."

Nilikuwa mtoto mwaka huo. Nakumbuka turubai, nakumbuka kuchinjwa mbuzi. Sikuwahi kuambiwa baba mdogo alifia wapi. Nyumbani ilisemwa "aliugua".

Mchele ulikuwa bado kwenye ungo nilipotambua kilichonikaba kooni. Baba alikuwa hajalala siku tatu kwa kuogopa nusu kaputi. Na nusu kaputi haikuwepo kwenye mpango wake. Mtu aliyelijua hilo alikuwa mimi.

Maswali sita

Usiku ule niliingia kwenye simu kusoma. Sikutafuta presha tena. Nilitafuta hofu.

Mwaka 1996 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha kipimo kifupi cha hofu kabla ya upasuaji. Kina sentensi sita tu, na mgonjwa anajibu kila moja kwa namba, 1 hadi 5. Tatu zinahusu usingizi au ganzi, tatu zinahusu upasuaji wenyewe. Nimezigeuza hivi, na tafsiri ni yangu ya mezani: Usingizi unanitia wasiwasi. Usingizi unanikaa akilini muda wote. Nataka kujua kila kinachowezekana kuhusu usingizi. Kisha hizo hizo tatu, mahali pa usingizi unaweka upasuaji.

Sentensi nne zinapima hofu, kwa hiyo alama zinaanzia 4 na kuishia 20, na wengi huchukua 11 kuwa mahali pa kuanza kushughulika na mtu. Mbili zilizobaki hazipimi hofu hata kidogo. Zinapima hamu ya kujua.

Kilichonigusa ni huko kutenganisha. Mimi nilikuwa nimeiona hofu ya baba kama furushi moja: anaogopa operesheni. Kumbe mtu anaweza kuogopa usingizi na asiogope kisu. Anaweza kuwa na hofu ndogo na kiu kubwa ya kujua. Au hofu inamtetemesha na bado hataki kusikia chochote.

Nilimtuma mwanangu. Akamuuliza kwa njia zao wenyewe, wakicheza bao. Akarudi na karatasi. Usingizi: 5 na 5. Upasuaji: 2 na 1. Jumla 13. Na kwenye hamu ya kujua, zote mbili, 5.

"Babu kasema mngekuwa mnauliza hivi tangu mwanzo," akaniambia, akaenda zake kulala.

Mama na goita yake

Hapa nilikaribia kufanya kosa jingine. Nilitaka kurudi kliniki na bango: waelezeni wazee kila kitu! Halafu nikamkumbuka mama.

Mama alifanyiwa upasuaji wa goita mwaka 2014. Daktari wa siku hizo alikuwa mtu wa maelezo. Alianza kumwonyesha kwa kidole shingoni mwake mwenyewe atakapochana, mishipa ya sauti ilipo, kinachoweza kutokea. Mama aliinuka kwenye kiti akatoka nje. Alichosema ni hiki: "Mimi niambieni siku. Mengine fanyeni nyie." Akaenda siku yenyewe akafanyiwa, akapona, mpaka leo hajui walichokata wala hataki kujua.

Angekuwa ameelezwa kwa nguvu, kwa nia njema, angekimbilia Muheza na goita yake.

Hilo limenisumbua kuliko mengine yote, kwa sababu linakataa kanuni nyepesi. Kumficha baba lilikuwa kosa. Kumfunulia mama lingekuwa kosa. Nimelizungusha kichwani wiki nyingi, na njia niliyoiona ni kwamba swali la kujua linatangulia maelezo. "Mzee, unapenda nikueleze, au unapenda nifanye tu?" Linachukua muda wa kufungua kizibo cha chupa, na hakuna aliyemuuliza baba swali hilo, tangu tulipofungua faili.

Nilimwuliza pia daktari kama hawawezi kumpa dawa ya kumtuliza usiku wa kuamkia. Nilidhani atakubali mara moja. Akakataa, na akanieleza kwa upole: zile dawa za jamii ya diazepamu, kwa mtu wa umri wa baba, zinaongeza uwezekano wa kuamka amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, au kuinuka usiku akaanguka. Marekani wana orodha maarufu ya dawa za kuepukwa kwa wazee, inayoitwa kwa jina la daktari Mark Beers, tangu mwaka 1991, na hizo zimo.

"Tuna dawa nyingine," akasema. "Nitampeleka kwa mtu wa usingizi wakaongee."

Nilifikiri ananiondoa tu mlangoni. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1963, huko Boston, daktari Lawrence Egbert na wenzake walilipima jambo hilo hilo. Waliopewa dawa ya kusinzisha pekee kabla ya upasuaji walisinzia, lakini hawakutulia. Waliotembelewa na daktari wa usingizi, akakaa nao akawaeleza, walifika wakiwa wametulia, na hawakuwa na usingizi.

Miaka sitini na zaidi. Na bado baba alihesabu mabati ya dari.

Rika moja na mkonge

Mtaalamu wa usingizi alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu. Alimpigia baba shikamoo, akavuta kiti, akakaa. Nataka niseme hilo la kukaa. Kila aliyeongea na baba kabla yake alikuwa amesimama.

"Babu, nimeambiwa unapenda kuelezwa."

"Napenda sana," baba akasema.

Akageuza fomu upande wa nyuma akachora mgongo. Pingili moja moja, kama mnyororo wa baiskeli. Akamwonyesha kwamba ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo unaishia juu kidogo ya kiuno, na sindano inaingia chini ya hapo, kwenye maji, ambako zimebaki nyuzi nyuzi zinazoelea. Ndiyo maana haiugusi. Miguu itapata joto, itakuwa mizito, kisha ataitafuta asiione kwa saa kadhaa. Kisu hatakihisi. Mtu akimgusa anaweza kuhisi kama anavutwa. Hakumficha mabaya pia: kichwa kinaweza kuuma siku za mwanzo, presha inaweza kushuka ghafla, na kwa hiyo ya presha ndipo yeye anakuwepo.

"Kwa hiyo sizimwi?"

"Huzimwi, babu. Tutapiga soga."

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Hakunigeukia mimi, na nilishukuru kwa hilo.

Kisha akauliza swali la fundi. Hii sindano ina umri gani? Yule dada akacheka, akasema amesomeshwa kwamba ilianza mwaka 1898, kwa Mjerumani aliyeitwa August Bier. Uso wa baba ukabadilika. Mtu aliyefanya kazi mashambani Tanga hawezi kutojua kwamba mkonge ulikuja mwaka 1893 na Mjerumani mwingine, Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa pale Kikokwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Baba aliisimulia yote. Dada yule alimwacha amalize.

"Basi ni rika moja na mkonge," baba akahitimisha. "Hiyo imeshajaribiwa."

Na swali la mwisho: nani anakaa?

"Mimi. Nitakaa kichwani kwako tangu sindano inapoingia mpaka unatoka. Nikilazimika kutoka namwachia mwenzangu, na nitakutajia jina lake."

Akamweleza pia orodha wanayoisoma kwa sauti: kabla ya ganzi wanahakikisha jina la mgonjwa na anachofanyiwa, kabla ya kisu kila aliyemo anajitaja jina na kazi yake, na mwishoni wanahesabu vifaa. Ni ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, na matokeo yalipotoka mwaka 2009 vifo vya wagonjwa wa upasuaji kwenye hospitali hizo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Moja ya hizo nane ilikuwa Ifakara.

"Ifakara hii yetu?"

"Ya Morogoro, babu."

Baba akaomba ile karatasi yenye mchoro. Akaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati.

Daftari

Jioni ya kuamkia mara ya pili nilikwenda na daftari. Sikumngoja aombe.

Deni la kwanza: mabati, duka la vifaa vya ujenzi Muheza, zimebaki shilingi 180,000. La pili: mchango wa msikiti aliouahidi, 20,000. La tatu lilimchukua muda kulitamka. Spana namba 32, ya rafiki yake wa karakana, aliyoiazima mwaka 1994 na hakuirudisha. Rafiki amekufa. Spana iko kwenye sanduku chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitambaa cha buluu. Apewe mtoto wake wa kwanza, na aambiwe baba ameomba radhi.

Kisha anayedaiwa naye, jirani, 60,000. Nikauliza nimfuate lini.

"Andika nimesamehe."

Nikaandika. Akanipokonya kalamu, akasoma yote, akasaini chini kwa ule mwandiko wake. Dakika ishirini hazikufika. Akala uji wote. Asubuhi nesi wa zamu aliniambia mzee alikoroma.

Safari hii walimpanga wa kwanza. Mara ya kwanza alikuwa wa nne, alikuwa amekula mara ya mwisho saa kumi na mbili jioni, na mpaka ile saa sita na nusu mchana hakuwa ameonja hata tone la maji, ingawa miongozo ya usingizi inaruhusu maji matupu mpaka zibaki saa mbili kabla ya ganzi. Mdomo ulikuwa umempasuka. Safari hii saa kumi na moja alfajiri walimpa amlodipini yake na maji kidogo.

158 kwa 86.

Gauni lilikuwa na kamba zote mbili. Kwenye mstari mwekundu nikaachwa. Hakugeuka nyuma, alikuwa anamtazama yule dada wa usingizi aliyekuja kumpokea, na midomo inacheza, sijui ni dua au anarudia pingili za mgongo.

Kitanda cha dirishani

Siku ya tatu nilimkuta amekaa, anasimulia. Alikuwa amewasikia wote wakijitaja. Daktari, msaidizi wake, nesi wa vifaa, kijana wa mashine. Mmoja anatoka Korogwe, ukoo wake baba anaujua. Yule dada alikuwa kichwani muda wote, anamwambia kila hatua, "sasa hivi wanasafisha, babu, utasikia maji." Mara moja presha ilishuka, akajihisi kichefuchefu, naye akamwambia, "Nimeiona, naishughulikia," kabla yeye hajasema kitu.

"Alikuwa na mkono karibu na swichi," baba akasema.

Kitanda cha dirishani kilikuwa na mzee mwingine, mkubwa kuliko baba, ameletwa usiku kutoka Kilwa. Alikuwa amepangwa kesho yake. Mwanawe alikuwa amesimama pembeni anamwambia yale yale: upasuaji mdogo tu, baba, usiwe na wasiwasi, Mungu yupo. Mzee anaitikia, "Haya. Haya." Macho yako darini.

Yule kijana alipotoka kwenda kununua maji, baba akajivuta kidogo upande wa dirisha.

"Mwenzangu," akamwita. "Wewe unaogopa nini? Usingizi au kisu?"

Mzee wa Kilwa akanyamaza. Nilidhani hatajibu, kwa kuwa nilikuwepo mimi, mwanamke. Akalifikiria swali kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Baridi," akasema mwishowe. "Nimesikia mle ndani kuna baridi sana. Mimi baridi siiwezi."

Baba akatikisa kichwa. Ni kweli, akamwambia, kuna baridi, mashine zinapuliza usiku na mchana. Uwaambie mapema, wana blanketi. Halafu akanigeukia.

"Mama, zile soksi zangu nene umeziweka wapi?"